Macho ya Mama wa Udongo

3 Agosti

Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi ni mzima wa mwili.

Tangu tulipouchoma mwili wa marehemu mume wangu, kama ilivyo mila yetu, mama mkwe amenihamishia chumba cha nyuma, kile cha magunia ya vitunguu. Hajanitukana hata siku moja, hilo nalisema mbele ya haki. Ila kukiwa na harusi, au mtoto amezaliwa kwa jirani, ananiambia kwa upole, "Leo pumzika, mwanangu," na mimi najua maana yake ni nisionekane. Mwaka huu nimepumzika mpaka nimechoka.

Huku sikukuu ya Mama, mungu wetu wa kike, wanaifanya kwa kufunga na kucheza na vijiti. Hawana habari na sanamu kubwa kama zetu. Juzi binti mdogo wa shemeji akaniuliza kwa nini sisi tunahangaika kufinyanga mwanamke wa mikono kumi halafu tunamtupa mtoni. Nikamweleza kama Baba alivyokuwa akiwaeleza wateja wa sanamu zake. Kwamba simba anayempanda, na yule jini nyati anayemchoma mkuki, hayo ni mambo ya vita, yanawafurahisha wanaume. Kinachowaliza watu ni kingine. Mama ni binti wa watu. Ameolewa mbali, mlimani, na mume asiye na nyumba anayejipaka majivu. Mara moja kwa mwaka anafunga safari na watoto wake, anakuja kwao kwa siku tano. Siku ya mwisho wanawake wanamlisha kitu kitamu, wanamnong'oneza sikioni aje tena mwakani, kisha maji yanamrudisha kwa mumewe. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe je, kwenu huendi?"

Ndiyo maana nakuandikia. Mwaka huu nataka kuja kwetu. Si kuja kuchora macho ya sanamu halafu kurudi na gari la jioni, kama miaka hii mitatu tangu Baba afariki. Nataka kuja kukaa. Mwenda kwao si mtumwa. Nataka Mama anipokee mlangoni. Nasema Mama wa jikoni, si Mama wa udongo. Unakumbuka tulivyowapa majina, maana Baba akisema "mwangalieni Mama" hatukujua kama tukimbilie jikoni au karakanani.

Mwambie nimekonda kidogo, asije akashtuka. Mpe salamu zangu neno kwa neno, maana kusoma hawezi na wewe ndiye macho yake.

Mdogo wako

*

19 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole tena kwa msiba. Usihesabu kwamba hatukuja. Unajua kazi ilivyo majira yale, mianzi ilikuwa imeshaletwa.

Juu ya Mama, nitasema ukweli ingawa unauma. Tangu apate habari za marehemu, shinikizo la damu limempanda. Daktari amekataza asishtuliwe. Nimempeleka kwa mama mdogo, kule kuna hewa na utulivu. Aliondoka analia. Alisema hawezi kukutazama ukiwa na nguo nyeupe ya ujane, kwamba nyeupe yake mwenyewe inamtosha. Mimi nakufikishia tu, usinichukie. Subira yavuta heri.

Juu ya kuja kukaa, mtaa unaujua. Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu sasa ni yule mwenye kinu cha mafuta, mtu wa kushika mila mpaka zinapiga kelele. Alishaniuliza, huku anatabasamu, kama nyumba yangu ina mjane mmoja au wawili. Wakiamini kwamba mkono wa mjane umemgusa Mama, wataikataa sanamu mlangoni, na jina la Baba litakuwa limekwisha.

Lakini kazi ni kazi. Mianzi imefungwa, majani ya mpunga yameviringishwa, udongo wa kwanza umekauka na nyufa nimeziziba kwa matambara. Kichwa kimetoka kwenye kalibu kizuri mno. Macho ndiyo yamebaki. Nimejaribu kwenye uso mmoja uliovunjika, yakatoka kama ya mtu aliyeachwa na gari. Na wewe unajua watu wananiitaje. Siwezi kuitwa Fundi Macho halafu nikapeleka kitu kile kwenye banda la sikukuu.

Njoo siku ya mwezi kuandama, kama kawaida. Dereva wa lori la udongo atakuchukua stendi akuingize kwa mlango wa nyuma. Uchore, upumzike, urudi. Baadaye, watu wakisahau, tutazungumza habari ya kukaa.

Kaka yako

*

26 Agosti

Kaka,

Unajua kuuma na kupuliza. Sijui nianze kujibu ulipouma au ulipopuliza.

Neno la Mama limeniingia na halijatoka. Amevaa nyeupe tangu Baba afariki. Nilidhani ndiye mtu mmoja duniani asiyeweza kushtushwa na nguo yangu. Nimelia juu ya vitunguu, na angalau hakuna aliyeniuliza sababu.

Juu ya macho, nataka kukukumbusha jambo. Kila mwaka, kabla ya kukanda udongo wa uso, Baba alikwenda mtaa wa nyuma, kwa wale wanawake wanaopokea wanaume, akaomba kwa mikono miwili udongo kidogo wa kizingitini mwao. Bila udongo ule Mama hajakamilika. Wanasema kila mwanaume anayeingia pale anauacha wema wake mlangoni, ndiyo maana kizingiti chao kina baraka kuliko cha kuhani. Nilikuwa nikienda naye. Yule mnene mwenye kucha ndefu alikuwa akimtania, "Fundi, na sisi tuje kumwona?" Baba anacheka huku anatazama chini. Hawakuja mwaka hata mmoja. Udongo wao uliingia bandani ukapigiwa vigelegele, wao walibaki kwao. Nilikuwa mtoto, nikaona ni mzaha mzuri. Sasa unataka macho yangu, na ule mzaha nimeuelewa.

Nitakuja. Sharti langu ni moja. Nikimaliza kuchora, nikae mpaka siku ya kwanza ya sikukuu. Sitagusa kitu wala sitampaka mtu unga mwekundu wa wenye waume, mimi si mke wa mtu tena. Nitakaa kule nyuma kushoto, kwenye viatu vilivyovuliwa, wanakokaa wajane. Nataka nisikie tu watu wakimpigia vigelegele binti aliyefika kwao. Ukikubali, niandikie "ndiyo". Ni neno fupi, halimalizi wino.

Mdogo wako

*

6 Septemba

Mdogo wangu,

Kazi imenibana, nakuandikia nikiwa na chokaa mpaka kwenye viwiko. Gundi ya mbegu za ukwaju imechemshwa leo, rangi ya mwili inaanza kesho.

Wewe njoo kwanza, hayo mengine tutaona. Safarini usivae nyeupe tupu, jifunike shuka la rangi. Wifi yako anakusalimu sana.

Kaka yako

*

24 Septemba

Kaka,

Nimerudi huku kwa mama mkwe. Unaweza kupumua.

Kwa hiyo "tutaona" ilikuwa na maana hiyo. Nilipanda ngazi bila kula, kama Baba alivyotufundisha, na wewe ukafunga mlango kwa nje eti jirani asiingie ghafla. Nilichora jicho la kushoto, la kulia, na lile la tatu la kwenye paji la uso. Nilipofungua kinywa kuomba maji ya kunywa, ulikuwa umesimama mlangoni na mfuko wangu mkononi, unasema lori linaondoka. Wifi alinipa vitamu vya maziwa kwenye gazeti. Aliviachia kabla sijavishika vizuri ili mikono yetu isigusane. Simlaumu, yeye ana mume wa kulinda.

Neno lingine. Kuna mtu alikuwa anakohoa upande wa pili wa ukuta. Mbili fupi, moja ndefu, kama Mama. Ulipoingia kuniletea rangi nikakuuliza. Ukasema ni mama mkwe wako, amekuja kutembea, na wazee wote wanakohoa hivyo. Nikaona haya kwa kukutilia shaka, nikakuomba radhi pale pale juu ya ngazi. Na wewe ukasema umenisamehe.

Mama mkwe wangu aliponiona naingia na mfuko wangu alisema, "Mbona mapema? Hata huyo mungu wenu si anakaa siku tano?" Nikamjibu kwamba kazi imeisha. Kisha nikaenda kulala.

Kama Mama amerudi kutoka kwa mama mdogo, mwambie nilipita.

Mdogo wako

*

6 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimesubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haikupungua, basi naandika nayo.

Umenifanyia nini? Siku ya kwanza pazia lilipovutwa, banda zima liliguna. Uso mzuri, rangi nzuri, nyusi zimekaa. Lakini macho hayatazami mbele. Yamekwenda kushoto, yanapita juu ya vichwa vya watu wote wa maana, mpaka nyuma kabisa kwenye viatu. Mwenyekiti alikuwa amewekewa kiti cha katikati, safu ya kwanza. Nikamwona anakisogeza kidogo kushoto. Baada ya muda akakisogeza tena. Mpaka mwisho wa sala alikuwa amebanwa kwenye spika, sikio moja halisikii, na bado hajaangaliwa. Wanawake walisema Mama mwaka huu amenuna. Mwingine akasema anatafuta ndala zake aende zake. Na mtaani sasa siitwi Fundi Macho tena, naitwa Fundi Makengeza. Watoto wananiimbia.

Kule karakanani sikuona kitu, maana ngazi ilikuwa mbele yake na mimi natazama kutoka chini, kisha akafunikwa uso mpaka bandani. Niambie, ulifanya makusudi au mkono uliteleza? Kama mkono umeanza kuteleza, sema tujue. Jina hili limetulisha sote, na wewe umelikanyaga kwa siku moja. Hata Mama alipoyaona alilia.

Kaka yako

*

11 Oktoba

Kaka,

Ulimi hauna mfupa, na kalamu yako nayo haina.

Nilifanya makusudi. Mkono wangu haujawahi kuteleza, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana unanitumia nauli. Nilipokuwa juu ya ngazi nilishaelewa kwamba hutaniacha nikae. Wewe si mgumu kusomeka, ulikuwa umeshaweka mfuko wangu karibu na mlango. Nikasema kama mimi sitaruhusiwa kuwatazama wale wajane wenzangu, basi kuna atakayewatazama kwa niaba yangu, na huyo hamuwezi kumtoa bandani. Banda nalijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Viatu vinavuliwa nyuma kushoto, ukipita nguzo ya mwisho. Nikapeleka macho huko.

Sasa nijibu na wewe. Mama yuko kwa mama mdogo, kwenye hewa na utulivu. Aliyaona wapi?

Mdogo wako

*

17 Oktoba

Mdogo wangu,

Unatafuta nzi kwenye maziwa. Nilipoandika Mama nilimaanisha Mama wa udongo. Si tunawaita wote Mama? Siku ya kwanza, kama unavyojua, anawekewa kioo mbele na kuogeshwa ndani ya kioo, maji yanamwagwa kwenye taswira yake, maana wa udongo mwenyewe hamwagiwi. Alipowekewa kioo akajiona, na siku hiyo kulikuwa na unyevu, rangi ya jicho la kushoto ikachuruzika kidogo. Watu wakasema amelia. Basi, ni hilo tu.

Mama yetu anaendelea vizuri kule aliko, nasikia anakula.

Tuyaache haya. Damu nzito kuliko maji.

Kaka yako

*

18 Oktoba

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Maneno haya ni yangu, mkono ni wa mlinzi wa viatu wa banda la sikukuu. Nimemwomba yeye kwa sababu barua za nyumbani huandikwa na kaka yako, na zinazokuja ni yeye anayenisomea. Mlinzi anasema hati yake ni mbaya. Nimemwambia aandike hivyo hivyo, sitaiona.

Kaka yako aliniambia umeapa hutakanyaga nyumba hii mpaka nife. Alisema unanilaumu kwa kukuoza mbali. Tangu msiba wako hakuna salamu yako iliyonifikia, hivyo nikaamini. Nilikuwa nakusubiri kila siku, na mtu anayesubiri sana huishia kuamini ubaya. Nikakukasirikia, mwanangu. Nikasema basi, asije. Nilikula chakula changu nikiwa na hasira na wewe, na wewe huna habari.

Kwa mama mdogo wako sikwenda. Sijatoka kwenye nyumba hii. Siku ya kuchora macho wifi yako alinifungia chumbani, akasema harufu ya vanishi itanibana kifua. Nikakaa kitandani nakohoa. Nikasikia brashi inagongwa kwenye ukingo wa kopo, mara mbili, kimya, mara mbili tena. Kaka yako alipoleta chai nikamwuliza nani yuko karakanani. Akasema kibarua mpya. Nikamwambia huyo kibarua anagonga kopo kama binti yangu. Akasema vibarua wote wanagonga hivyo. Mlinzi hapa anatikisa kichwa. Nimemwambia aandike, asitikise.

Siku ya kwanza nilikaa na wajane wenzangu kwenye viatu. Pazia likafunguliwa. Miaka yote nimeishi na Mama wa udongo, nimekanda udongo wake nikiwa na mimba yako, na hajawahi kunitazama. Anatazama wakubwa. Mwaka huu alikuwa ananitazama mimi. Bibi aliyekaa ubavuni mwangu akasema, "Huyu anaangalia huku kwetu," akavuta nguo akajifunika uso kwa haya. Mimi nikajua ni wewe. Kwanza nikalia kwa hasira, kwamba umekuja mpaka nyumbani kwangu na hukuingia kunisalimu. Halafu nikakumbuka ule mlango uliofungwa, na kibarua, na vanishi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu ni mwanangu nimemzaa mimi, sikutaka kuufikia mwisho wake.

Siku ya mwisho wanawake wenye waume walipanga mstari kumlisha na kumpaka unga mwekundu. Nikasimama. Nikapita katikati yao na nyeupe yangu. Walinipisha kama wanavyompisha aliyebeba ndoo ya maji machafu. Nilimlisha kwa mkono wangu. Wengine wanamnong'oneza, mimi nilisema kwa sauti wasikie mpaka kwenye spika. Nilisema macho haya yamechorwa na binti yangu mjane, na binti yangu yuko wapi? Mwenyekiti akamgeukia kaka yako. Kaka yako akanishika mkono akanitoa. Hakuniumiza, lakini alinishika kwa nguvu kuliko anavyomshika simba wa udongo akimbeba.

Tangu siku hiyo hasemi na mimi. Sijali. Njoo, mwanangu. Usipite nyuma na lori, pita mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Mimi mwenyewe nitasimama mlangoni, na atakayetaka kunitoa pale atatutoa wawili.

Mama yako wa jikoni

*

27 Oktoba

Mama,

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika.

Sijaapa kitu. Salamu zako nilizituma kwenye barua zangu. Niliambiwa huwezi kunitazama. Mama, tulikuwa tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja, wewe unasikia kopo langu na mimi nasikia kifua chako, na sote wawili tukaambiwa kwamba watu wote wako hivyo.

Nakuja. Jumamosi ya tarehe kumi na tano Novemba nitashuka stendi asubuhi na nitakuja kwa miguu, kwa barabara kubwa, mlango wa mbele. Mama mkwe nimeshamwambia. Aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia sirudi, akaniletea gunia tupu nitilie vitu vyangu, na nikaona machozi machoni mwake, au labda ni vile vitunguu.

Barua naituma nyumbani kwa sababu mlinzi hakuandika anwani yake na banda litakuwa limeshabomolewa. Kaka, najua ni wewe unayeifungua. Msomee yote. Usiruke hata nukta.

Mwanao

*

9 Novemba

Mdogo wangu,

Barua ya Mama nimeifungua. Sikumsomea, kwa sababu Mama hayupo. Safari hii ni kweli: nimempeleka kwa mama mdogo tangu mwisho wa mwezi uliopita. Ukija tarehe kumi na tano utaukuta mlango, hutamkuta mtu wa kusimama mlangoni.

Najua utakavyoniita. Niite. Lakini sikiliza na upande wangu, maana hakuna aliyewahi kuusikiliza. Mimi ndiye mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyebeba mianzi na kukanyaga udongo kwa miguu mpaka ikapasuka. Ilipofika saa ya brashi, Baba alikuita wewe. Mwaka baada ya mwaka alikuita wewe, mtoto wa kike utakayeolewa uende zako, na mimi nikashika ngazi. Brashi ile hajaiweka mkononi mwangu hata mara moja. Alikuachia wewe macho, mimi akaniachia nyumba yenye watu wa kulishwa. Jina la Fundi Macho sikuliomba, watu walinipa kwa sababu walimwona mwanaume. Ningewaambia nini? Kwamba macho ni ya dada yangu, na mimi ni wa kushika ngazi?

Mama ameniaibisha mbele ya watu wote. Wateja wawili wameshahamia karakana ya ng'ambo ya mto. Wifi yako hatoki nje. Ilibidi Mama akae pembeni kidogo maneno yapoe. Hata yeye alielewa nilipomweleza. Aliingia garini mwenyewe.

Mwenyekiti ameitwa na wazee, wamezungumza. Hawataki kuvunja mazoea ya miaka mingi. Wamekubali mwakani tuwatengenezee tena, kwa sharti kwamba macho yatazame mbele na watu wasione mjane yeyote akiingia wala kutoka. Nimewaambia litawezekana. Kwa hiyo nakuomba, tuweke hasira pembeni. Njoo tena mwakani, siku ya mwezi kuandama, na sitafunga mlango kwa nje. Nakuahidi hilo.

Kaka yako

*

2 Desemba

Kaka,

Barua yako ilinikuta nimeshafunga gunia. Sikufungua mzigo, nilibadilisha gari tu.

Tuko wote wawili kwa mama mdogo. Ametupa stoo ya uani, kati ya mtungi wa gesi na baiskeli ya mumewe. Ni mtu mwema, na mumewe pia si mbaya, ila jana aliniuliza kwa upole kama tunakaa sana. Nimeujua upole huo. Katika nyumba ya kwanza ulikuwa wa mama mkwe.

Mama ni mzima. Kifua kinamsumbua asubuhi. Aliponiona hakushtuka kwa nyeupe yangu, alinishika uso akasema nimekonda, akamtuma mama mdogo alete chakula. Tulikaa tumeshikana mikono kama watu waliotoka kwenye ajali. Hayo nayasema ili ujue ulichokuwa unakizuia.

Ila kuna jambo hujalijua. Ulimwambia ni siku chache, mpaka maneno yapoe. Amekuamini. Baada ya kibarua, baada ya vanishi, baada ya kumshika mkono mbele ya watu, ulipomwambia siku chache amekuamini, kwa sababu wewe ni mwanawe. Kila asubuhi anakunja nguo zake, anazifunga kwenye kitambaa, anakaa mlangoni mwa stoo na kitambaa magotini, ananiuliza, "Kaka yako amesema gari linakuja lini?" Siku ya kwanza nilitaka kumwambia. Nikafungua kinywa, nikamtazama, nikasema, "Amesema wiki ijayo." Akafurahi. Sasa nasema hivyo kila asubuhi. Nilikuwa nikidhani uongo wako ni kazi ya akili nyingi. Kumbe si kazi, unasema neno moja, na anayekupenda anamalizia mwenyewe yaliyobaki. Nakuchukia kwa kunifundisha hilo kuliko ninavyokuchukia kwa ule mlango.

Juu ya Baba na brashi, nakuamini. Ningekuwa wewe ningeumia. Lakini Baba amekufa, na waliolipia uchungu wako ni wanawake wawili waliokuwa wanakupenda, na mmoja bado anakusubiri na kitambaa.

Umeniomba mwakani nije nichore macho yatazame mbele. Sitakuja. Ufinyange uso, uupake chokaa, umvishe nguo nyekundu na taji, umpandishe juu ya simba wake, uwapelekee hivyo hivyo bila macho. Wampigie vigelegele, wamwambie karibu kwenu binti yetu. Afadhali asiwaone.

Mdogo wako